Mnyororo Haukutoka

Mapinga, jioni kabla hujaondoka

Mwanangu Zainabu,

Asubuhi uliniamkia nikakuitikia, kwa hiyo salamu naziruka. Nataka niingie kwenye maneno yenyewe kabla hujarudi kutoka kwa bibi yako Kerege. Ukirudi ukinikuta na karatasi mkononi utauliza, "Baba, unaandika nini?" Nami nitasema naandika hesabu za samaki, na barua itakufa hapo hapo.

Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi. Unanijua. Nikianza kwa upole, neno la tatu sauti imeshapanda, wewe unanyamaza unaangalia vidole vya miguu, mama yako anatoka jikoni na mwiko kuuliza nani anapigana, na mambo yanaishia kwenye sahani ya wali. Leo hatuna nafasi ya hayo. Kesho alfajiri gari la kocha wako wa baiskeli linapita hapa barabarani, linashika njia ya Bagamoyo na Msata mpaka Chalinze, halafu Morogoro na kuendelea, mpaka Kigali kwenye mashindano. Nataka uwe ndani.

Sasa tusizungushane. Goti lako haliumi.

Jana ulirudi mazoezini ukichechemea mguu wa kushoto. Leo asubuhi, ukiteka maji, ulichechemea wa kulia. Na mchana huu, ulipoaga kwenda kwa bibi yako, nilisimama dirishani nikakutazama. Ulichechemea vizuri kabisa mpaka dukani kwa Mangi. Ulipolipita duka, ukidhani nyumbani hawakuoni tena, ukanyoosha miguu ukaenda kama askari wa gwaride. Wallahi nilicheka peke yangu. Mama yako akaniuliza nacheka nini, nikamwambia nacheka kuku.

Halafu kicheko kikanitoka chote, maana sababu naijua. Usimkasirikie mama yako, amefanya la maana kuniambia. Jana jioni mkichambua mchele ulimwambia umeshampigia kocha simu. Umemwambia goti limevimba, na kama halitapoa nafasi yako ampe yule msichana wa Bagamoyo mjini. Kocha akakujibu kwamba gari litapita hapa hata hivyo: ukiwa barabarani unapanda, usipokuwepo atamchukua yule. Mama yako alipokubana kwa nini unasema uongo, ukamuuliza, "Nikienda, baba nani atamshusha pale konani?"

Basi tangu jana jioni sikai. Nimekagua begi lako, nikafunga zipu, nikafungua, nikafunga tena. Nimetia mafuta baiskeli ambayo ulishaitia mafuta. Nimetoka barabarani kutazama, sijui natazama nini. Mama yako ananiambia, "Kondo, kaa chini, unatutifulia vumbi." Nimekaa sasa, lakini miguu inacheza chini ya meza.

Habari za kuswali, kula, kuoga na maji ya moto, kutokopesha watu sweta lako la baridi, hizo ni za mama yako na ameshazimaliza, nimemsikia. Mimi nataka kukueleza habari za kona. Unadhani unazijua zote. Hapana, kuna nusu huijui.

Utani wa bibi harusi wewe umeukuta tu. Zamani, mimi na wachuuzi wenzangu tulipoanza kupeleka samaki kwa baiskeli Madale na Goba, kule vilimani kulikuwa na mashamba ya mihogo na nyumba mbili tatu. Watu wa mjini walipoanza kupanda huko kujenga, wakitafuta upepo, ndipo tukapata wateja, na ndipo tukaujua mlima. Mambo yalikuwa kama yalivyo leo. Mzigo unanunuliwa mnadani Bagamoyo alfajiri, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinauleta hapa Mapinga, tunagawana, kila mtu anafunga tenga lake kwenye keria kwa kamba za mpira, safari inaanza. Mpaka Tegeta watu wanapiga soga na kusengenya. Mkikata kuingia Wazo, soga zinapungua. Mkifika ile kona ya kokoto, pale malori yanapodondosha changarawe na barabara inapoinuka mbele ya uso wako, hakuna anayesema kitu.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyetoka kuoa wiki hiyo. Alishindwa pale konani, akashuka, akawa anakokota baiskeli taratibu, kichwa chini, aibu tupu. Chande, na mdomo wake ule, akapiga kigelegele: "Bibi harusi huyooo! Mpisheni apite!" Tukacheka mpaka nasi tukakaribia kuanguka. Tangu hapo, anayeshuka konani ni bibi harusi mpaka Ijumaa ipite. Hata msikitini mtu anakunong'oneza, hina umepakwa na nani?

Mimi sikuwahi kuwa bibi harusi. Niliwaona wote wakishuka, vijana na vifua vyao, hata Chande mwenyewe alishuka mwaka wa mafua makali. Kondo hakushuka. Nilijisifu nalo kwenye kahawa, nikajisifu nalo kwa mama yako, akaniuliza, "Sasa hilo linapikwa?" Sikumwelewa. Nilikuwa nimeshajenga jina langu lote juu ya kona moja yenye kokoto.

Ukweli ni kwamba miguu ilianza kunikataa wewe ukiwa bado shule ya msingi. Nikifika pale kifua kinabana, mapaja yanatetemeka, jasho linaingia machoni. Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikaanza kushika malori. Yale yanayopanda matupu kwenda kuchukua kokoto yanakwenda polepole konani, basi unajisogeza nyuma, mkono mmoja usukani, mkono mmoja unashika mnyororo wa bodi, unavutwa. Dereva akikuona kwenye kioo, mmoja atakuhurumia, mwingine atagusa breki makusudi akukomeshe. Nilijua hayo yote. Kila siku nikisema leo ndiyo mwisho.

Siku ile uliyoniona narudi na ngozi imechunika toka kiwiko hadi begani, mvua ilikuwa imenyesha. Dereva alibadilisha gia, lori likashtuka, mkono wangu ukanasa kwenye mnyororo. Likaniburuta. Si mbali, lakini pale chini, na tairi la nyuma liko pembeni ya kichwa changu, palikuwa mbali. Mkono uliponasuka nikabaki barabarani, vibua vimetapakaa lami nzima. Na unajua nilifanya nini kwanza, Zainabu? Sikuangalia damu. Sikusema hata alhamdulillahi. Nilinyanyua kichwa kutazama kama Chande ameniona.

Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko lile tairi. Nilikuwa nimeponea chupuchupu na kichwani mwangu kulikuwa na kigelegele tu.

Nyumbani nikasema nimegongwa na bodaboda. Mama yako akamlaani bodaboda huyo na ukoo wake mzima, maskini ya Mungu, mtu ambaye hayupo. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulikaa na mimi barazani ukinitoa changarawe begani kwa kibanio cha nyusi, moja moja. Bodaboda haachi kokoto za machimbo kwenye nyama ya mtu. Uliziona, ukazikusanya kiganjani, ukaenda kuzimwaga nje.

Jumamosi iliyofuata nikakukuta mlangoni na baiskeli ya binamu yako, kilemba umekifunga nyuma, suruali ndani ya gauni. "Shikamoo baba. Leo nakusindikiza, nafanya mazoezi." Nikasema, ebo, mtoto wa kike na mlima wapi na wapi? Ukasema mwalimu wa michezo amewaambia. Mwalimu gani wa michezo, shule yenu haikuwa hata na mpira! Lakini nikakuacha. Nikakufungia tenga dogo, changu wachache na pono, ili nawe uonekane una kazi.

Tulipofika chini ya kona ukashuka. "Baba, mnyororo umetoka. Nisubiri."

Nikashuka, bila shaka. Mzazi gani anamwacha binti yake katikati ya malori? Wenzangu wakatupita, Chande akasema, "Pole mwanangu, baiskeli ya kuazima hiyo," akaenda zake. Hakuna aliyepiga kigelegele, maana nimeshuka kwa ajili ya mtoto. Wewe umechutama unahangaika na baiskeli, mimi nimeegemea tenga langu navuta pumzi. Halafu ukasema tukokote kidogo mnyororo ukae vizuri, na tukakokota mpaka kona ikaisha, halafu tukapanda kama waungwana.

Jumamosi nyingine, mnyororo. Likizo ikaja, mnyororo kila siku. Mpaka watu wa kibanda cha mihogo ya kukaanga pale konani wakawa wanatutania, "Leo haujatoka bado?"

Ile mara ya tatu au ya nne nikaangalia vidole vyako. Mtu akirudisha mnyororo vidole vinakuwa vyeusi tii kwa grisi, hata usugue na sabuni ya unga na mchanga. Vyako vilikuwa safi. Hina ya Idi ilikuwa bado inaonekana kwenye kucha.

Nikanyamaza. Hii ndiyo nusu usiyoijua. Wewe ulidhani unanidanganya, kumbe tulikuwa tunadanganya wawili. Nilianza hata kukusaidia. Mbele ya watu nikawa nalalamika, "Minyororo ya siku hizi feki tupu!" Nikaenda Bagamoyo kununua mnyororo mpya nikakufungia, na moyoni naomba usiharibu mchezo. Hukuupa hata wiki. Ukasema ule mpya nao unatoka. Nikasema bila shaka, wamenibambikia.

Nilipenda, mwanangu. Si lile pumziko tu. Pale konani tukiegemea baiskeli ndipo tulipokuwa tunaongea. Nyumbani mimi ni baba, nauliza umeswali, umesoma, ulikuwa wapi. Pale ulinieleza kwamba hesabu zimekushinda na unaogopa mtihani. Pale ulinionyesha bahari ikimeta kule chini nyuma ya mapaa, ukasema nyumbani kumbe ni padogo. Siku moja ulinieleza kuhusu yule kijana wa Bunju, na kwa sababu sikuwa na pumzi ya kugomba, nikasikiliza mpaka mwisho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimekusikiliza mpaka mwisho. Ningekuwa na pumzi ningeharibu.

Subiri kidogo, kuna mtu kapita nje, nilidhani ni wewe.

Si wewe. Ni kijana wa maji. Naendelea.

Halafu wakaja wale wa baiskeli za mashindano. Jumamosi asubuhi wanatoka mjini kundi zima, nguo za rangi kama kasuku, wanakuja kupimana nguvu kwenye vilima vyetu. Siku hiyo ulikuwa mbele yangu, tenga la vibua nyuma, na nilikuona kwa macho yangu ukiwapita wawili. Mmoja akadhani una mota. Kocha wao akasimama juu pale, akanunua vibua, akaanza maswali. Binti ana umri gani? Amefundishwa na nani? Mimi nikamjibu kwa ukali kwamba samaki ndio ninaouza, binti siuzi. Akacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa unaitazama baiskeli yake, mwanangu, na macho yale nilikuwa sijayaona usoni mwako, wala ulipofaulu kidato cha nne.

Nikakuruhusu. Nilipiga kelele wiki nzima kuhusu zile nguo za kubana, mpaka mama yako akakushonea sketi fupi ya kuvaa juu, nikakosa la kusema. Mbio zako ndogo ndogo nikawa nazisikia tu. Sikuja kutazama. Nilisema nina kazi, na kazi kweli nilikuwa nayo, lakini pia nilikuwa naogopa kukuona unavyopanda usipokuwa na mimi.

Ile siku ya mchujo nikakuona bila kutaka. Kocha alikuwa ameweka mstari juu karibu na msikiti, atakayefika kwanza ndiye wa Kigali. Mimi nipo konani na tenga langu kama kawaida, nimechelewa, wenzangu wameshapita, kifua kinapiga kelele. Nikasikia matairi nyuma. Nikageuka, wewe! Uko peke yako. Wengine hata hawaonekani. Umeinuka juu ya kiti, unapanda kama barabara inateremka, uso umetulia kabisa.

Na wewe ukaniona. Nikakuona unaniona. Ukafunga breki, ukashuka, ukachutama. "Baba, mnyororo."

Astaghfirullah! Siku hiyo! Baiskeli ya kocha, imetoka kukaguliwa asubuhi ile ile!

Nikakuambia panda, ukasema subiri kidogo. Nikakufokea panda, ukasema, "Baba, pumua kwanza." Wasichana wawili waliokuwa nyuma yako wakapita. Kocha akaja mbio kutoka juu na boksi la vifaa, akainama, akazungusha pedali kwa mkono. Mnyororo uko mahali pake. Akaangalia vidole vyako. Akaniangalia mimi, jasho linanichuruzika, nimeshikilia keria nisianguke. Akakupandisha, ukaenda ukawafikia ukawapita tena, msichana wewe, ukaukata mstari ukiwa wa kwanza.

Jioni alinipigia simu. Akasema, "Mzee Kondo, binti yako ana miguu ya ajabu, lakini ana ugonjwa mmoja. Anasubiri. Kule anakokwenda hakuna atakayemsubiri yeye." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia katika nyumba yangu kusubiri mkubwa si ugonjwa, ni adabu, na kama huko mjini wamelelewa na paka ni shauri lao. Nikakata simu. Nikakaa barazani nikijipongeza kwa jibu zuri, na ndani najua kwamba ana haki.

Mama yako hakunipongeza. Jana aliponieleza habari za goti, alimalizia hivi: "Kondo, huyu nilizaa mtoto, sikuzaa mkongojo. Mwache aende." Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Kwa hiyo asubuhi ya leo, wakati wewe unateka maji na goti lako la kulia, mimi nilikwenda mlimani bila wewe, na jambo moja kichwani. Njia nzima nilikuwa najadiliana na nafsi. Nikiwa Bunju nikasema nitafanya. Nikiwa Boko nikasema nitafanya wiki ijayo. Tegeta nikakaribia kugeuza, nisingizie samaki wanaharibika. Chande akaniuliza mbona nimekuwa bubu. Nikamwambia jino.

Tulikuwa wengi leo, bahati mbaya. Karibu kundi lote. Nikafika chini ya kona, kifua kikaanza. Kulikuwa na lori linapanda taratibu, mnyororo wa bodi unaning'inia karibu na mkono wangu, nikaliacha likapita. Halafu nikashuka.

Zainabu, nilishuka mbele ya kundi zima. Hakuna mtoto wa kumsaidia, hakuna mnyororo, hakuna pancha. Nimeshika usukani, nakokota.

Kwanza waligeuza shingo wote. Halafu Chande. Unajua sauti ya Chande. "Mama yangu weee! Kondo! Bibi harusi Kondooo!" Wakaitikia wote. Vigelegele mpaka yule mama wa mihogo ya kukaanga akatoka na upawa mkononi, akapiga na cha kwake. Bodaboda wawili wakasimama kutazama. Kijana mmoja akaimba nyimbo za harusi, tena zile mbaya. Masikio yalinichoma, nikawa natazama tairi la mbele tu, na nilikuwa na hasira ya kuweza kumtupia mtu tenga. Nilidhani nitakufa kwa aibu.

Sikufa. Nilikokota mpaka kona ikaisha. Kifua kikatulia chenyewe, mapema kuliko siku zote, maana kumbe kukokota si kazi. Ni kutembea tu na baiskeli! Nikapanda sehemu iliyobaki nikafika juu, nimechelewa. Yule mama wa geti jeusi akanigombeza kwamba wageni wake wanasubiri nguru, akanunua. Wengine wakanunua. Chande akaja kunipa maji, akanitazama kwa pembe ya jicho akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimezeeka. Akasema hata yeye. Kisha akasema mpaka Ijumaa nitamkoma, na najua nitamkoma.

Nilirudi mbio nije nikueleze. Nimefika, umeshachukua bendeji ya mama yako umefunga goti, unasema unakwenda kumuaga bibi lakini huna hakika kama safari ipo. Ukatoka kabla sijaanza. Ndipo nikatafuta kalamu.

Sasa sikiliza la mwisho, na nitalisema wazi. Sitaki uondoke. Kama ni kutaka, nataka ukae hapa, Jumamosi tushuke konani, unionyeshe bahari. Naogopa. Nimeambiwa huko magari yanapita upande wa kulia, na nimekuona ukijisahau hata hapa petu kwenye kushoto. Naogopa miteremko yao, maana kupanda hujambo lakini kwenye kushuka una haraka, na breki zikipata moto hazikujui wewe mtoto wa nani. Naogopa utaumwa na hakuna mtu wa kukufokea. Naogopa hata kwamba utapapenda. Hayo yote ni yangu, nitayabeba mwenyewe, si mzigo wa kukufungia kwenye keria.

Ukibaki kwa ajili yangu, kila nikipita pale konani nitakuona umechutama, na msichana mwingine anapanda gari lako. Usinifanyie hivyo. Nimeshindwa mambo mengi, lakini hilo la kumkalia mtoto njiani sitaki nife nalo. Radhi ya kwenda unayo, nimekupa, na mama yako ni shahidi. Radhi ya kubaki sina, usiniombe.

Huko mlimani ukiwa mbele, kaa mbele. Akitokea mtu amekwama, kocha yupo, magari yapo, yeye mwenyewe ana miguu ya kukokota. Utaona vibaya. Utataka kufunga breki, kwa sababu ndivyo ulivyo, na wala sikuombi uache kuwa hivyo kwa watu wote. Nakuomba uache kwangu mimi.

Bendeji uikunje umrudishie mama yako, anaitumia kwa mgongo. Barua hii nitaiweka juu ya begi, nami nitajifanya nimelala, usije ukaniamsha tukaanza kubishana. Alfajiri nitakusindikiza mpaka barabarani, nitasema maneno mawili matatu ya ovyo kuhusu hali ya hewa, halafu wewe panda gari.

Panda, mama. Usiangalie nyuma kuona nimefikia wapi. Nitachelewa, lakini nitafika.

Baba yako,
Kondo